Programu-jalizi moja, vipengee vingi: jinsi ya kupanga menyu yako ndani ya QGIS

Programu-jalizi (plugin) nyingi za QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, huanza na kitufe kimoja. Mpima ardhi wa Arua anataka kujua eneo la kiwanja kwa desimali, maana hapa Uganda ardhi ndogo huuzwa hivyo: ekari 1 ni desimali 100, na kiwanja cha futi 50 kwa 100 hukaribia desimali 11 na nusu. QGIS inajua ekari na hekta, lakini desimali haimo kwenye vipimo vyake. Unamwandikia kitufe, anashukuru. Baada ya siku chache simu inalia: "Kaka, tuongezee na ile ya kukagua mipaka inayopishana." Kisha anataka ripoti, kisha anataka njia ya mkato ya kuweka mfumo wa kuratibu (CRS, unaoiambia QGIS namba za ramani zinaangukia wapi duniani) kwa ramani za zamani.

Hapo ndipo msimbo huharibika. Kiunzi kinachotolewa na Plugin Builder, zana ya kuanzishia programu-jalizi, huja na kipengee kimoja cha menyu, na njia rahisi ya kupata cha pili ni kunakili mistari ile ile na kubadilisha jina. Kufikia cha nne una mafungu manne yanayofanana isipokuwa neno moja moja, na lile la tatu halina mstari wa kujiondoa programu inapozimwa. Mwongozo huu unaonyesha njia nyingine: menyu nzima inaandikwa kwenye orodha moja, kazi (function) moja inaijenga, na kazi moja inaibomoa. Nachukulia kwamba Python unaijua kiasi na umewahi kuandika programu-jalizi angalau moja, hata kama ilikuwa ya kujaribu tu.

Hatua ya 1: Folda na faili mbili ndogo

Fungua menyu ya mipangilio ya QGIS, nenda kwenye profaili za mtumiaji, ufungue folda ya profaili unayotumia. Ndani yake kuna `python/plugins`. Tengeneza humo folda iitwayo `viwanja`. Faili la `metadata.txt` linatosha hivi kwa kuanzia:

```
[general]
name=Viwanja
qgisMinimumVersion=3.16
description=Zana za viwanja: desimali, mipaka, ripoti
version=0.1
author=Jina lako
email=anwani yako
```

Na `__init__.py`:

```python
def classFactory(iface):
    from .viwanja import Viwanja
    return Viwanja(iface)
```

Hapo hakuna la kujadili. Kazi iko kwenye `viwanja.py`.

Hatua ya 2: Andika menyu kama orodha

Kabla ya kugusa kitufe chochote, andika juu ya faili kila kipengee unachokitaka, kwa mpangilio ule ule utakaoonekana kwa mtumiaji:

```python
import os
from functools import partial
from qgis.PyQt.QtGui import QIcon
from qgis.PyQt.QtWidgets import QAction, QMenu
from qgis.core import (QgsVectorLayer, QgsWkbTypes,
                       QgsCoordinateReferenceSystem)

FOLDA = os.path.dirname(__file__)
MENYU = 'Viwanja'

VIPENGEE = [
    # kanuni, maneno, sharti, upau wa zana
    ('pima',   'Pima eneo kwa desimali',       'poligoni', True),
    ('kagua',  'Kagua mipaka inayopishana',    'poligoni', True),
    ('kanda',  'Weka mfumo wa kuratibu',       'vekta',    False),
    ('ripoti', 'Toa ripoti',                   'poligoni', False),
    None,
    ('kuhusu', 'Kuhusu Viwanja',               None,       False),
]
```

`None` iliyosimama peke yake ni mstari wa kutenganisha. Safu ya kwanza ni kanuni, yaani jina la ndani ambalo halibadiliki, na ya pili ni maneno anayoyasoma mtu. Ya tatu ni aina ya tabaka (layer) ambayo kipengee kinahitaji, na ya nne inasema kama kiwekwe pia kwenye upau wa zana. Usichanganye ya kwanza na ya pili. Leo menyu ni ya Kiswahili, kesho ofisi nyingine inaitaka kwa Kiganda au Kiingereza. Ukiwa umetumia maneno yenyewe kama kanuni, siku ya kutafsiri utavunja kila mahali.

Angalia pia kwamba naagiza vitu vya Qt, maktaba inayochora madirisha na menyu za QGIS, kupitia `qgis.PyQt`, si `PyQt5` moja kwa moja. Qt 6 ilihamisha `QAction` kutoka moduli moja kwenda nyingine, na aliyeiandika `PyQt5` ndani ya msimbo wake atalazimika kupita faili moja moja akirekebisha.

Jambo dogo la maandishi: alama ya `&` ndani ya maneno ya menyu haionekani. Qt huichukua kama ishara ya kupigia mstari herufi inayofuata ili ifikiwe kwa kibodi. Kwa hiyo andika "Pima na gawa", usiandike "Pima & gawa".

Hatua ya 3: Kazi moja inayojenga

```python
class Viwanja:
    def __init__(self, iface):
        self.iface = iface
        self.vitendo = []
        self.masharti = []
        self.menyu_ndogo = None

    def initGui(self):
        for kipengee in VIPENGEE:
            self.ongeza(kipengee)
        self.iface.currentLayerChanged.connect(self.sasisha)
        self.sasisha()

    def ongeza(self, kipengee):
        kitendo = QAction(self.iface.mainWindow())
        if kipengee is None:
            kitendo.setSeparator(True)
        else:
            kanuni, maneno, sharti, upau = kipengee
            kitendo.setText(maneno)
            kitendo.setObjectName('viwanja_' + kanuni)
            kitendo.setIcon(QIcon(os.path.join(FOLDA, kanuni + '.svg')))
            kitendo.triggered.connect(getattr(self, kanuni))
            self.masharti.append((kitendo, sharti))
            if upau:
                self.iface.addToolBarIcon(kitendo)
        self.iface.addPluginToMenu(MENYU, kitendo)
        self.vitendo.append(kitendo)
```

Mstari wa `getattr` ndio unaokuokoa na kunakili: kipengee chenye kanuni `pima` kinaita kazi iitwayo `pima`. Ukiongeza mstari kwenye orodha ukasahau kuandika kazi yake, QGIS inalalamika papo hapo programu-jalizi inapopakiwa. Hilo ni afadhali kuliko mtumiaji kuligundua akiwa na mteja mezani.

`addPluginToMenu` hupokea jina la menyu na kitendo. Vitendo vyote vyenye jina moja huwekwa chini ya menyu ndogo moja, kwa mpangilio ulioviongeza. Jina likitofautiana hata kwa herufi, "Viwanja" na "viwanja", unapata menyu mbili. Ndiyo maana `MENYU` imeandikwa mara moja tu.

Vitendo vimepewa dirisha kuu kuwa mzazi wao, na tena vimehifadhiwa kwenye `self.vitendo`. Kitendo kisicho na mzazi wala kigeu (variable) kinachokishikilia hufagiliwa na Python mara `initGui` inapomalizika, na menyu yako inafunguka ikiwa tupu bila ujumbe wowote wa kosa.

Kuhusu upau wa zana, uwe mchoyo. Kompyuta nyingi za mkononi zinazotumika kwenye ofisi za upimaji zina skrini ya upana wa nukta 1366. QGIS yenyewe imeshajaza nafasi hiyo, na ikoni zinazozidi hufichwa nyuma ya kimshale ambacho watu wengi hawajawahi kukibofya. Weka pale vile vinavyotumika kila saa, na vingine vibaki kwenye menyu. Ikoni ya "Kuhusu" kwenye upau wa zana ni majivuno tu.

Tena, `initGui` huendeshwa kila QGIS inapowashwa. Maktaba nzito ziagize ndani ya kazi inayozihitaji, si juu ya faili, la sivyo kila mtu anangojea ripoti ambayo leo hataitoa.

Hatua ya 4: Kipengee chenye vipengee ndani yake

Uganda inakatwa na mistari miwili inayowahusu wapima ardhi: ikweta, na longitudo ya digrii 30 mashariki inayotenganisha kanda ya 35 na ya 36 za UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita. Arua, Gulu na Kampala ziko 36 kaskazini. Masaka na Mbarara ziko 36 kusini. Kisoro iko 35 kusini, na kipande cha Kasese kinachopakana na Kongo kinaingia 35 kaskazini. Ramani za zamani zilizochorwa kwa Arc 1960, msingi wa zamani wa upimaji wa Afrika Mashariki, huja bila taarifa ya mfumo, kwa hiyo mtumiaji anahitaji chaguo nne zinazofanya kazi ile ile kwa namba tofauti za EPSG, yaani orodha ya kimataifa ya mifumo ya kuratibu:

```python
KANDA = [
    (21096, 'Arc 1960, 36 kaskazini'),
    (21036, 'Arc 1960, 36 kusini'),
    (21095, 'Arc 1960, 35 kaskazini'),
    (21035, 'Arc 1960, 35 kusini'),
]
```

Ndani ya `ongeza`, badilisha ule mstari wa `triggered.connect` uwe hivi:

```python
            if kanuni == 'kanda':
                kitendo.setMenu(self.jenga_kanda())
            else:
                kitendo.triggered.connect(getattr(self, kanuni))
```

Sasa tunafika kwenye mtego ambao kila mwandishi wa menyu ndefu hukutana nao. Mkono unataka kuandika hivi:

```python
        for namba, jina in KANDA:
            k = menyu.addAction(jina)
            k.triggered.connect(lambda: self.weka_mfumo(namba))
```

Menyu inaonekana sawa, majina manne yako mahali pake. Lakini `lambda` haihifadhi thamani ya `namba` ya wakati ule. Inaisoma siku inapobofywa, na wakati huo kitanzi kilishamalizika na `namba` imebaki 21035. Chaguo zote nne zinaweka 35 kusini. Mtumiaji wa Gulu anachagua "36 kaskazini", na kiwanja chake kinatua Antaktika, kwa sababu northing (umbali wa kuelekea kaskazini) ya takriban mita 306,000 ikisomwa kwa kanda ya kusini, ambayo huhesabu kuanzia mita 10,000,000 pale ikweta, ni karibu na ncha ya dunia.

Wengi hurekebisha kwa kuandika `lambda namba=namba: ...`. Kwenye Python ya kawaida hilo lingetosha, ila hapa halitoshi. Ishara ya `triggered` hutuma hoja moja, kweli au si kweli, kueleza kama kitendo kimewekewa tiki. Hoja hiyo inaingia moja kwa moja kwenye nafasi ya `namba`, na kazi yako inapokea `False` badala ya 21096. `%d` huigeuza `False` kuwa 0, na mfumo wa "EPSG:0" haupo, kwa hiyo tabaka linabaki na alama ya kuuliza pembeni ya jina lake na mtumiaji hajui kwa nini.

Njia inayofanya kazi:

```python
    def jenga_kanda(self):
        self.menyu_ndogo = QMenu(self.iface.mainWindow())
        for namba, jina in KANDA:
            k = self.menyu_ndogo.addAction(jina)
            k.setObjectName('viwanja_kanda_%d' % namba)
            k.triggered.connect(partial(self.weka_mfumo, namba))
        return self.menyu_ndogo

    def weka_mfumo(self, namba, _=False):
        tabaka = self.iface.activeLayer()
        tabaka.setCrs(QgsCoordinateReferenceSystem('EPSG:%d' % namba))
        tabaka.triggerRepaint()
```

`partial` hufunga namba pale pale kitanzi kinapopita, na ile hoja ya tiki inaangukia kwenye `_` ambako haimdhuru mtu. Kwa sababu hiyo hiyo nimezoea kuzipa kazi zote za menyu hoja ya mwisho ya namna hiyo: `def pima(self, _=False)`, `def kagua(self, _=False)`, na kuendelea.

Ukitaka chaguo ambazo ni hali badala ya amri, mathalani mtumiaji achague mara moja desimali, ekari au hekta na chaguo lake likumbukwe, vitendo hivyo vipe `setCheckable(True)` na uviweke kwenye `QActionGroup` ili tiki iwe kwa kimoja tu. Hapo unganisha `triggered`, si `toggled`. `toggled` hulia hata pale msimbo wako wenyewe unapoweka tiki wakati wa kuwasha, na `triggered` hulia mtu anapobofya. Hifadhi chaguo kwa `QgsSettings`.

Hatua ya 5: Kuwasha na kuzima kwa mujibu wa tabaka

Kukagua mipaka kwenye picha ya setilaiti hakuna maana, kwa hiyo kipengee kiwe kijivu tabaka lisilofaa linapochaguliwa:

```python
    def sasisha(self, *_):
        tabaka = self.iface.activeLayer()
        vekta = isinstance(tabaka, QgsVectorLayer)
        hali = {
            None: True,
            'vekta': vekta,
            'poligoni': vekta and tabaka.geometryType()
                        == QgsWkbTypes.PolygonGeometry,
        }
        for kitendo, sharti in self.masharti:
            kitendo.setEnabled(hali[sharti])
```

Usizidishe masharti. Kipengee kijivu hakijielezi, na vidokezo vya maelezo ndani ya menyu za Qt havionekani mpaka uviruhusu. Utapigiwa simu: "Bosi, hii yako imekufa." Mimi naweka mpaka hivi: tabaka likiwa la aina isiyofaa kabisa, zima kipengee. Kinachokosekana kikiwa ni mtu tu kuchagua kiwanja kwenye ramani, kiache kiwe hai, na akibofya umwambie la kufanya:

```python
    def pima(self, _=False):
        tabaka = self.iface.activeLayer()
        if tabaka.selectedFeatureCount() == 0:
            self.iface.messageBar().pushWarning(
                'Viwanja', 'Chagua kiwanja kwanza kwenye ramani.')
            return
        # hesabu inaendelea hapa
```

Hesabu yenyewe ifanye kwa `QgsDistanceArea` ukiwa umeipa elipsoidi (umbo la dunia la kukokotolea), kisha gawanya mita za mraba kwa 40.4686 upate desimali.

Hatua ya 6: Kubomoa

QGIS huita `unload` mtu anapozima programu-jalizi au unapoipakia upya. Kitu chochote ulichokiacha kinabaki kwenye dirisha kama godoro la mpangaji aliyehama:

```python
    def unload(self):
        self.iface.currentLayerChanged.disconnect(self.sasisha)
        for kitendo in self.vitendo:
            self.iface.removePluginMenu(MENYU, kitendo)
            self.iface.removeToolBarIcon(kitendo)
            kitendo.deleteLater()
        if self.menyu_ndogo:
            self.menyu_ndogo.deleteLater()
        self.vitendo, self.masharti = [], []
```

Ishara ikatwe kwanza, kabla ya vitendo kufutwa. Ukiiacha, programu-jalizi ya zamani inaendelea kusikiliza, na kila mtu anapobadilisha tabaka inajaribu kuwasha vitendo vilivyokwisha kufutwa. Dalili yake ni ujumbe wa `RuntimeError` unaosema kitu cha C++ kimeshafutwa, tena unatokea mbali kabisa na menyu, na watu hupoteza mchana mzima wakitafuta kosa kwenye hesabu.

Kosa jingine ni jozi zisizolingana. QGIS inakuruhusu kuweka vipengee chini ya menyu ya vekta kwa `addPluginToVectorMenu`, na kwa zana kama hizi huko ndiko mahali pazuri zaidi kuliko menyu ya jumla. Lakini ukiweka kwa njia hiyo, ondoa kwa `removePluginVectorMenu`. `removePluginMenu` haitakiona kipengee kilichoko upande wa vekta.

Hatua ya 7: Jaribu kwa kupakia upya

Sakinisha Plugin Reloader, programu-jalizi inayopakia upya nyingine, ielekeze kwenye `viwanja`, uipakie upya mara tatu mfululizo. Kisha fungua konsoli ya Python:

```python
from qgis.PyQt.QtWidgets import QAction
sorted(a.objectName() for a in iface.mainWindow().findChildren(QAction)
       if a.objectName().startswith('viwanja_'))
```

Kila jina lionekane mara moja. Likijirudia, `unload` imeacha kitu. Baada ya hapo badilisha tabaka mara kadhaa, kutoka poligoni kwenda rasta na kurudi, huku ukiangalia kama kuna ujumbe mwekundu. Chaguo nne za kanda zijaribu zote, moja moja, ukisoma mfumo uliowekwa kwenye sifa za tabaka. Usiridhike na moja, kwani mtego wa `lambda` hujificha vizuri mtu akijaribu chaguo la mwisho peke yake.

Ikipita, bana folda nzima ya `viwanja` iwe zip. Folda yenyewe iwe ndani ya zip, si faili zilizomwagwa humo. Itume kwa WhatsApp au flashi, na mwenzako aisakinishe kutoka zip kupitia meneja wa programu-jalizi. Siku atakapoomba kipengee cha sita, utaongeza mstari mmoja kwenye `VIPENGEE`, kazi moja yenye jina la kanuni yake, na ikoni moja ya svg, kisha ubadilishe namba ya toleo kwenye `metadata.txt` ili ajue kwamba alichopokea si kile cha zamani.